Satelaiti ikichoka ishuke vipi? Hewa, tanga, injini au gari la kuvuta

Satelaiti haishuki kwa kuitwa. Ukiiachia kwenye kimo cha kilomita 400, hewa nyembamba iliyoko huko itaiburuta hadi iungue, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua mwaka mmoja au miwili. Ukiiachia kilomita 800, watakaoiona ikirudi ni vilembwe na vilembwekeza wako. Ukivuka kilomita 1,000, hesabu huanza kuwa ya miaka elfu moja na zaidi. Kutoka 400 hadi 800 ni umbali mfupi kuliko safari ya basi ya Nairobi hadi Mombasa, lakini ndio unaoamua kama umerusha chombo au umetupa taka.

Nausema msimamo wangu mapema ili anayetaka kubisha ajue anabishia nini: chagua kimo kwanza, halafu ndipo mzungumze habari za tanga na injini. Wauza vifaa watakupeleka kinyumenyume, kwa sababu kimo hakiuzwi dukani.

Zamani haya yalikuwa mashauri ya Wamarekani na Wasovieti. Siku hizi yamefika kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na 1KUNS-PF mwaka 2018, Rwanda ikafuata na RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kisha Kenya tena na Taifa-1 Aprili 2023. Wengine wanajipanga, na ulinganisho huu ni wao: mwalimu wa chuo na wanafunzi wake, kampuni changa inayotaka kupiga picha za mashamba, na afisa wa serikali ambaye sahihi yake ndiyo itakayoitia nchi kwenye dhima.

Dhima hiyo si ya maneno. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo, au iliyomlipa mwingine akirushe, hubeba hasara yote kitakayoleta ardhini, hata kama hakuna aliyezembea. Hasara ikitokea huko huko juu, hapo lazima kosa lithibitishwe. Satelaiti ya Kisovieti Kosmos 954 ilipoanguka kaskazini mwa Kanada Januari 1978 ikiwa na tanuri la nyuklia ndani yake, Kanada ilidai dola zake milioni 6 na Wasovieti wakaishia kulipa milioni 3. Huku kwetu, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba kwa uchunguzi wa awali ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Satelaiti ya mchemraba yenye kilo mbili haiwezi kumwangukia mtu hivyo, huungua yote. Roketi iliyoibeba ni habari nyingine.

Kimo kinavyoamua

Kwenye obiti ya chini, yaani njia ya karibu ya kuizunguka dunia, kila kitu hukimbia karibu kilomita 7.5 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kipande cha alumini chenye ukubwa wa punje ya njugu kinatosha kuimaliza satelaiti nzima. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, linakadiria kuwa vipande vinavyozidi sentimita 1 ni zaidi ya milioni 1.2, na vinavyozidi sentimita 10 ni zaidi ya 50,000. Vinavyofuatiliwa kwa rada na darubini ni kama 40,000 tu, pamoja na satelaiti zilizo hai. Kwa maneno mengine, vingi vya kuua havionekani, na usichokiona hukikwepi.

Kuna matukio mawili yanayofundisha kuliko hotuba yoyote. Januari 2007 China iliipiga kwa kombora satelaiti yake iliyochakaa, Fengyun-1C, kwenye kimo cha takriban kilomita 860. Vikapatikana vipande zaidi ya 3,000 vya kufuatiliwa, na vingi vyake bado vinazunguka hadi leo. Machi 2019 India ikafanya jambo lile lile kwa satelaiti yake, lakini kwenye kimo cha chini ya kilomita 300. Vipande vyake karibu vyote vilishuka ndani ya miezi na miaka michache. Sisifu kitendo, vyote viwili ni ujeuri. Natazama kimo tu: kosa ni lile lile, ila moja limefutika na jingine tumelirithi.

Mgongano wa bahati mbaya nao ulitokea kwenye tabaka hilo hilo baya. Tarehe 10 Februari 2009, Iridium 33 iliyokuwa kazini iligongana na Kosmos 2251 iliyokufa zamani, kilomita kama 790 juu ya Siberia. Vikazaliwa vipande zaidi ya 2,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa.

Sheria inadai nini

Mwaka 2002 kamati ya mashirika ya anga za juu ya mataifa mbalimbali, IADC, ilipendekeza satelaiti ya obiti ya chini iwe imeondoka ndani ya miaka 25 baada ya kumaliza kazi. Ulikuwa ukarimu wa kupita kiasi. Septemba 2022 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaikata miaka hiyo hadi 5, na ESA nayo ikajiwekea mitano kwa vyombo vyake vipya mwaka 2023.

Utasema satelaiti yenu haina leseni ya Marekani, kwa hiyo mitano hiyo haiwahusu. Kisheria unaweza kuwa sahihi. Lakini mzigo wowote wa nje unaopanda roketi ya Marekani hupitia ukaguzi wa mamlaka yao ya usafiri wa anga, na wateja au wafadhili wa Ulaya watakuuliza mpango wa kushuka kabla hawajakuuliza kamera yako inaona nini. Panga kwa miaka mitano. Ukipata miwili, bora zaidi.

Kuiachia hewa

Mfano ninaoupenda ulianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, Wataliano waliirushia NASA satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji, na ikawa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilizunguka kwenye kilomita 500 na ushei. Kazi yake ilikwisha Machi 1973. Hakuna aliyeisukuma, hakuna aliyeivuta, na Aprili 1979 ikarudi kuungua.

Piga hesabu: ni miaka sita baada ya kustaafu. Kwa pendekezo la 2002 Uhuru ingefaulu bila jasho. Kwa kipimo cha leo ingefeli, kwa mwaka mmoja tu. Kilomita hamsini chini zaidi zingeipa cheti.

Sasa ilinganishe na Vanguard 1 ya Marekani, kitufe cha kilo moja na nusu kilichorushwa Machi 1958. Mzunguko wake unashuka hadi kilomita 650 hivi na kupanda hadi karibu 3,800. Iliacha kutuma mawimbi mwaka 1964. Bado iko juu, na ndicho chombo kikongwe kuliko vyote vilivyomo obitini. Udogo hausaidii kitu pale hewa inapokosekana.

Kwa hiyo njia ya kwanza ni kuomba kimo cha chini na kuliachia jambo lijiendee. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji satelaiti iwe hai. Betri ikifa siku ya kwanza, redio isipowaka, programu ikikwama, hewa haijali, itaendelea kuburuta tu. Kwa timu inayorusha kwa mara ya kwanza hili ndilo jambo la kutazama kuliko yote, kwa sababu satelaiti za kwanza za vyuo nyingi hukaa kimya kabla hazijatimiza lolote. Mpango wa kushuka unaodai chombo kiwe kizima ni mpango wa siku njema.

Ubaya wake ni umri. 1KUNS-PF iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Mei 2018 na kufikia 2020 ilikuwa imekwisha. Kwa masomo inatosha kabisa. Kwa biashara ya picha, ni sawa na kupangisha duka kwa miaka miwili.

Jambo la pili la kuangalia ni jua. Kila baada ya miaka kama 11 jua huchachamaa, hewa ya juu huvimba, na satelaiti hushuka upesi. Februari 2022 SpaceX iliachia satelaiti 49 za Starlink kwenye kimo cha kilomita 210 hivi, dhoruba ya jua ikapita siku iliyofuata, na hadi 40 kati yake zikapotea. Jua likipoa, mambo hugeuka: chombo ambacho kingeshuka kwa miaka mitatu hutumia mitano au zaidi. Kilele cha zamu hii kilikuwa karibu na 2024, kwa hiyo anayeruka mwishoni mwa muongo huu atalikuta jua limepoa. Asinakili hesabu za jirani aliyeruka 2023.

Wapo wanaolalamika kwamba kuchoma vyombo hewani ni kuhamisha uchafu tu, na hawajakosea. Utafiti uliochapishwa 2023 ulikuta takriban asilimia 10 ya chembe za asidi ya salfa zilizochunguzwa kwenye tabaka la stratosfia zina alumini na metali nyingine zitokazo kwenye vyombo vilivyoungua. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wameshajaribu satelaiti ya mbao, LignoSat, iliyoachiwa Desemba 2024. Nalipenda wazo hilo, ila leo silo litakalomsaidia mtu kuchagua.

Tanga

Ikiwa roketi mliyopata inakwenda kilomita 550 au 600, na mara nyingi roketi za kuchangia hukupeleka zinakokwenda zenyewe, hewa peke yake inaweza isitoshe. Hapo ndipo tanga linapoingia: karatasi nyembamba ya plastiki maalumu, imekunjwa ndani ya boksi, inafunguka kazi ikiisha na kuongeza eneo la kuburutwa.

Inafanya kazi, na ushahidi upo. InflateSail ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilikuwa na kilo kama tatu na tanga la mita 10 za mraba. Iliachiwa Juni 2017 kwenye kilomita 505 hivi, na ndani ya siku 72 ilikuwa imekwisha kuungua. NanoSail-D2 ya NASA, nayo yenye tanga la mita 10 za mraba, ilichukua kama siku 240 mwaka 2011.

Mfano unaowafaa zaidi watu wa bajeti ndogo ni SBUDNIC, kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Walitumia betri za kawaida za dukani, ukubwa wa AA, na vifaa vingine vya bei rahisi, wakaifunga tanga dogo la plastiki. Ilirushwa Mei 2022 na kushuka Agosti 2023, mapema sana kuliko ilivyotarajiwa kwa kimo chake. Mtu asikwambie tanga ni la matajiri.

Lakini tanga nalo hukataa kufunguka. Kati ya 2018 na 2019 RemoveDEBRIS, ya hao hao wa Surrey, ilifanikiwa kurusha wavu na chusa angani, halafu zamu ya tanga ilipofika halikufunguka ipasavyo. Kwa hiyo ukilinunua, uliza swali moja kabla ya bei: linafunguliwa na nani? Likingoja amri kutoka ardhini, mmerudi kwenye kutegemea satelaiti iliyo hai. Tafuta lenye saa yake na betri yake, linaloweza kufunguka hata mwenye nyumba akiwa amelala milele.

Kuna hoja kwamba tanga huongeza ukubwa wa chombo na kwa hiyo uwezekano wa kugongwa. Ni kweli kwa siku moja, si kweli kwa safari nzima: eneo likiongezeka mara kumi na muda ukipungua mara kumi, hatari inabaki pale pale. Tena kipande kidogo kikilitoboa tanga huacha tundu, hakizai mamia ya vipande vingine. Kikwazo cha kweli ni kimo. Ukikaribia kilomita 800, hewa ni nyembamba mno, na tanga la saizi ya kubebeka na satelaiti ndogo halitakutimizia miaka mitano.

Injini

Hapa ndipo wahandisi vijana macho huwang'aa. Injini inakupa mambo mawili ambayo hewa na tanga haviwezi: kukwepa mgongano ukiwa kazini, na kuchagua lini na wapi ushuke. Hili la pili ni la lazima kwa vyombo vizito ambavyo haviungui vyote.

ESA inatoa mifano mizuri. Mwaka 2011 walichoma mafuta yote yaliyobaki ya ERS-2 na kuishusha kutoka kilomita 785 hadi 573. Ikarudi Februari 2024, juu ya Bahari ya Pasifiki. Bila kushushwa ingekaa juu miaka 100 hadi 200. Julai 2023 wakaiongoza Aeolus, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kuongozwa hivyo, ikaungua juu ya Antaktika.

Kisha ESA hao hao wana Envisat. Tani nane, ilirushwa 2002, obiti ya kilomita 770 na kitu. Tarehe 8 Aprili 2012 ikanyamaza ghafla. Mafuta yalikuwamo. Haikuwepo redio ya kuyaamuru. Itakaa huko miaka 150 hivi, katikati kabisa ya tabaka lililojaa vipande. Nikiulizwa kwa nini siiamini injini pekee, nataja jina hilo moja. Injini ni ahadi inayotegemea uhai wa kila kitu kingine.

Kwa satelaiti ndogo, kutoka obiti ya kilomita 600 hadi kushusha upande mmoja wa mzunguko ufike 300, unahitaji kubadili kasi kwa mita 80 hivi kwa sekunde. Injini ndogo za umeme zinaweza, taratibu. Za gesi baridi hufika kwa shida na tangi hula nafasi ya kamera. Halafu mafuta na tangi la shinikizo huleta makaratasi ya usalama ambayo timu ya wanafunzi inaweza kuyamaliza au yakaimaliza timu.

Mafuta yaliyobaki ni hatari yenyewe. Historia ya taka za angani imejaa milipuko ya matangi na betri zilizoachwa na chaji kuliko migongano. Kwa hiyo mwenye injini ana kazi ya ziada: kumwaga mafuta, kuzima chaji ya betri, kuacha gamba tupu.

Kukwepa bila injini

Je, asiye na injini ni kondoo wa kuchinjwa? Si kabisa. Kampuni ya Planet huendesha satelaiti zake ndogo za picha kwa kugeuza ubavu: paneli zikikata hewa kwa ubapa, chombo huburutwa zaidi na kushuka kidogo, zikikata kwa makali, huteleza. Ni polepole, huhitaji siku kadhaa za onyo, lakini hugharimu programu tu na usukani wa kugeuzia chombo. Chini ya kilomita 550 inafaa. Juu zaidi, hewa ni haba.

Wenye injini wako kwenye mchezo mwingine. Starlink iliripoti mageuzo zaidi ya 144,000 ya kukwepa katika miezi sita iliyoishia Mei 2025, karibu yote yakifanywa na kompyuta zenyewe. Waendeshaji wengi husogea pale uwezekano wa kugongwa unapofika 1 kwa 10,000; Starlink husogea kwa uwezekano mdogo mno kuliko huo. Jirani mwenye kusogea ni jirani mwema, ila lazima ajue uko wapi. Kwa hiyo, injini iwepo isiwepo, jiandikishe Space-Track, huduma ya bure ya jeshi la anga za juu la Marekani, uweke barua pepe inayosomwa hata wakati wa likizo ya chuo. Onyo la mgongano lililofika kwa anwani ya mwanafunzi aliyehitimu ni onyo ambalo halikufika.

Gari la kuvuta

Hii ndiyo njia inayopendwa na magazeti: chombo kingine kije, kikishike kilichokufa, kikishushe. Wajapani wa Astroscale wamefika mbali. ADRAS-J yao, iliyorushwa Februari 2024, iliisogelea kipande cha juu cha roketi ya Kijapani ya mwaka 2009, chenye urefu wa mita 11 na uzito wa tani tatu hivi, hadi umbali wa mita 15. Kuisogelea kitu kisichojibu, kinachoenda kasi ile, si mchezo. Lakini hawakukigusa, kukishusha ni kazi ya safari nyingine.

ESA walisaini mkataba wa yuro milioni 86 na kampuni ya Uswisi ya ClearSpace mwaka 2020, ili kushusha kipande kimoja cha roketi chenye kilo 112. Agosti 2023 ikagundulika kwamba kipande hicho chenyewe kimegongwa na kuzaa vipande vipya. Shabaha ikabadilishwa kuwa satelaiti yao kongwe, PROBA-1.

Sasa weka bei kando kwa kando. Taifa-1 iligharimu kama shilingi milioni 50 za Kenya. Yuro milioni 86 ni zaidi ya shilingi bilioni 10. Kupanga kwamba mtakuja kuvutwa ni kama kununua lori lisilo na breki kwa sababu umesikia kuna bredauni mahali fulani barabarani.

Sheria nayo hairahisishi. Chombo hubaki mali ya nchi iliyokisajili hata kikiwa maiti, kwa mujibu wa mkataba wa 1967. Huwezi kuokota cha mwenzio bila ruhusa, hata kama kinakutishia. Njia hii ni ya serikali kubwa zenye madeni ya zamani: maroketi mazito ya Kisovieti, ya Kimarekani, ya Kichina, na akina Envisat. Wao ndio walipe.

Walio juu kabisa

Satelaiti za televisheni na mawasiliano ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na huko mashauri ni mengine kabisa. Hakuna hewa hata ya kusingizia. Kuzirudisha duniani kungehitaji kubadili kasi kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Kuzipandisha kilomita 300 zaidi, kwenye obiti ya makaburi, ni mita 11 tu, sawa na mafuta ya miezi mitatu ya kazi. Kwa hiyo zinapandishwa. Mjadala umekwisha kabla haujaanza, linabaki swali la nidhamu: je, mwenye satelaiti ataacha mapato ya miezi mitatu?

Dish Network ya Marekani haikuacha mafuta ya kutosha. EchoStar-7 iliishia kilomita 122 juu badala ya 300 ilizoahidi, na Oktoba 2023 FCC ikaitoza faini ya dola 150,000, ya kwanza ya aina hiyo. Kiasi hicho kwa kampuni ile ni pesa ya chai, lakini mlango umefunguliwa.

Na huko juu pia kuna gari la kuvuta linalolipa. MEV-1 ya Northrop Grumman iliikamata Intelsat 901 Februari 2020, ikaiongezea miaka ya kazi, kisha ikaipeleka makaburini. Hapa mvutaji analipwa na biashara inayoendelea, ndiyo maana inawezekana. Tofauti na hiyo, Intelsat 33e, iliyokuwa ikihudumia Ulaya, Afrika na Asia kutoka juu ya Bahari ya Hindi, ilivunjika vipande Oktoba 2024, miaka minane tu baada ya kurushwa. Hakuna mpango wa makaburi unaokinga hilo.

Kando kwa kando

| Njia | Kimo kinachofaa | Chombo kikifa mapema | Kukwepa | Gharama |
|---|---|---|---|---|
| Hewa pekee | chini ya 500 km | inashuka vilevile | kwa kugeuza ubavu tu | umri mfupi |
| Tanga | 500 hadi 700 km | inashuka, tanga likiwa na saa yake | hapana | gramu chache, nafasi ndogo |
| Injini | popote | inakwama | ndiyo | pesa, uzito, makaratasi |
| Gari la kuvuta | popote, kinadharia | ndiyo kazi yake | hapana | ya serikali |
| Obiti ya makaburi | 35,786 km | inakwama | ndiyo, ikiwa hai | miezi mitatu ya mafuta |

Ningechagua hivi

Chuo kinachorusha kwa mara ya kwanza: kutoka Kituo cha Kimataifa, au roketi inayoachia chini ya kilomita 500. Bila injini, bila tanga. Pesa ya tanga iende kwenye majaribio ya mtetemo na betri, maana satelaiti iliyo hai mwaka mmoja ni bora kuliko maiti yenye tanga.

Mkipewa nafasi ya 550 hadi 600 na hakuna nyingine, nunueni tanga lenye saa. Hapa sina mjadala.

Kampuni yenye satelaiti kadhaa za kufanya kazi miaka mitano: injini, lakini mruke kwenye kimo ambacho hewa ingewashusha hata injini ikigoma. Yaani injini ya kujishikilia juu na kukwepa, hewa ya kuzika. Starlink nao, pamoja na yote tunayowalaumu, wamefuata mantiki hiyo hiyo kwa kukaa karibu na 550 au chini ya hapo. Na kama mtu atakuja na mpango wa satelaiti za mamia au maelfu, afisa wa leseni adai zaidi ya hapo. Rwanda iliwahi kuwasilisha kwa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, maombi ya satelaiti zaidi ya 300,000 mwaka 2021 kwa niaba ya mradi wa kibiashara. Nchi ndogo inaweza kujikuta na jina lake kwenye daftari kubwa.

Zaidi ya kilomita 700 bila injini: msiende, hata mkipewa bure.

Na kabla ya kusaini na wakala wa roketi, someni kifungu cha kimo kwa makini. Kikiandikwa "kati ya kilomita 500 na 600", fanyeni hesabu zote za kushuka kwa 600, na kwa jua lililopoa.